YAH: Malalamiko – mmenibadilishia gasketi ya hedi wakati maji yalikuwa yanavujia wota pampu

Kwa Meneja, tawi la Dodoma

Habari za kazi bosi. Mimi ndo mwenye ile RAV4 ya zamani, ya 1998, injini ya 3S, mliyokaa nayo mwezi uliopita mkanipa risiti ya shilingi 780,000. Naandika kwa sababu kila nikipiga simu dada wa mapokezi ananiambia fundi mkuu katoka, na yule binti wa watu hana kosa, sasa nikimfokea yeye itasaidia nini.

Tatizo nililowaletea lilikuwa ni maji ya rejeta yanapungua na hayaonekani yanakoenda. Natoka Dodoma asubuhi rizevu imejaa, nikifika Manyoni nikiacha gari ipoe nakuta imeshuka chini ya alama. Chini ya gari pakavu kabisa, mshale wa temperecha umetulia palepale siku zote, moshi mweupe hamna, na stiki ya oili ukiivuta unaona oili safi haijachanganyika na maji. Yote hayo nilimwambia fundi wenu na kayaandika kwa mkono wake kwenye fomu ya kupokelea gari, nakala ninayo.

Yeye alichofanya ni kufungua boneti, kuwasha gari, kusikiliza kidogo, kisha akasema "hii hedi gasketi mama, gari za umri huu ndo ugonjwa wao". Yaani ile sili inayokaa kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na bloku iliyo chini yake. Basi, kipimo ndo kikaishia hapo.

Bosi, gari inayopoteza maji bila kuonyesha haipimwi kwa masikio. Kuna ile pampu ya mkono ya kupimia presha, injini ikiwa ya baridi unaifunga kwenye mdomo wa rejeta, unapampu mpaka kwenye namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, wangu umeandikwa 0.9, halafu unaacha unaangalia mshale, ukishuka ujue kuna mahali panavuja na hapo unachukua tochi unatafuta, hujafungua hata nati moja. Na kama mtu anashuku gasketi kipimo chake kipo pia, kile cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta gari ikiwa inanguruma, gesi ya moto ikiwa inapenya kutoka kwenye silinda yale maji yanageuka njano. Nyie ni kampuni, mna mpaka mashine ya kompyuta ya kusoma taa za dashibodi, mnakosaje hivyo?

Hata mfuniko wenyewe hamkuupima, na hapa kwetu ni juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kinachoyazuia yasichemke kwenye rejeta ni presha inayoshikiliwa na huo mfuniko. Springi ikichoka maji yanatoka kama mvuke na chini huoni hata tone. Wangu ulikuwa mzima lakini mngejuaje?

Basi nikalipa, nikaondoka, na safari iliyofuata tu maji yakapungua vilevile. Nikampelekea kijana mmoja hapa Kizota, gereji yake ni mti na turubai. Akapima presha, mshale ukawa unashuka taratibu, akaniambia mama njoo uone. Akafungua kava ya taimingi akamulika na simu, chini ya wota pampu, ile inayosukuma maji yazunguke kwenye injini, kuna katundu kadogo, kuanzia hapo kuna ukoko wa pinki umeganda mpaka kwenye chuma cha injini, na mkanda wa taimingi umelowa upande mmoja. Sili ya pampu ndo imekufa, maji yanatoka kidogokidogo gari ikiwa na moto na yanakaukia hukohuko ndani ya kava, ndo maana chini hapajawahi kulowa. Na ule mkanda ungeruka au kukatika gari ingezima papo hapo, sasa niwaze niko kule Saranda usiku na watoto.

Hapa ndo nataka mnijibu vizuri. Kwenye hii injini pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, na hedi huwezi kuitoa bila kuuvua huo mkanda. Kwa hiyo kama kweli mlitoa hedi, pampu mlikuwa mnatazamana nayo uso kwa uso na ule ukoko wote, mkafunga kava mkaniita nije kulipa. Na kama hamkutoa hedi basi hiyo laki saba na themanini ni ya nini? Sisemi mmeniibia, nasema nionyesheni gasketi ya zamani. Niliiomba siku nachukua gari nikaambiwa imeshatupwa.

Halafu kuna hili la "kemikali 25,000" kwenye risiti. Kijana alipofungua rejeta akakuta tope la kahawia, ile dawa ya kuziba, nani aliniuliza? Inaziba hata vijitundu vya rejeta na vya hita. Na juu yake mkajaza maji ya bomba, haya haya ya Dodoma ambayo birika la nyumbani linaota ukoko mweupe, wakati gari ililetwa na kulanti, yale maji maalum ya rejeta.

Ninachotaka ni hela ya ufundi ya kazi ya hedi yote pamoja na hiyo 25,000, na gharama ya kusafisha rejeta. Pampu na mkanda nimenunua mwenyewe, hivyo sividai, vilikuwa vimechoka kweli. Risiti zote, picha za ule ukoko na pampu yenyewe ninavyo, fundi mkuu akitaka kuiona aje, au niilete hapo mapokezi niiweke mezani. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo napeleka Tume ya Ushindani, FCC, nakala ya barua hii na viambatanisho vyake vyote.

Namba yangu ipo kwenye fomu yenu. Apige fundi mkuu mwenyewe, asimtume dada.

Mteja wenu,
Mama wa RAV4 ya kijani