Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Matengenezo ya Njia: Reli Isiyosomeka Isiandikwe "Salama"

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu za heshima. Tumejaza fomu, tumekaa vikaoni, na mara mbili umetuahidi kwamba utaratibu wa ukaguzi utabadilishwa. Wiki iliyopita reli ya nje ya kona imekatika, siku chache tu baada ya gari la ukaguzi kupita hapo na ripoti kusema "hakuna kasoro". Ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Mheshimiwa, gari lile hupeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma kupitia tabaka jembamba la maji, kisha husubiri mwangwi. Uso wa reli ukiwa mzima, mwangwi wa kitako, yaani ule unaotoka sehemu ya chini kabisa ya reli, hurudi wazi. Uso ukibanduka magamba, au ukiwa na nyufa zilizolala, mawimbi huishia hapo juu, na ufa unaoshuka chini yake haumfikii msomaji. Kwenye skrini mwangwi wa kitako hupotea. Hilo lenyewe ni onyo! Kwetu kipande hicho huhesabiwa kimekaguliwa.

Nyufa hizi huanzia pembe ya ndani ya kichwa cha reli, inakosuguana na gurudumu, hasa reli ya nje ya kona. Ni mistari myembamba iliyopangana kama meno ya kitana, milimita chache kutoka mmoja hadi mwingine. Jua likiwa chini, ukiinama unaiona. Saa sita mchana inapotea machoni. Penginepo utakuta doa jeusi lililobonyea katikati ya mng'aro. Rula ya chuma ya mita 1 na fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) vinatosha kupima limebonyea kiasi gani. Ufa hutambaa chini ya uso, maji huingia, gurudumu huyakandamiza, nao huzidi kurefuka. Baadhi hukunja kuelekea chini, na hizo ndizo zinazokata reli. Kona ile, tunavyodhani, ilikawia mno kusagwa, yaani kukwanguliwa uso wa reli ili nyufa za juu ziondoke.

Huko Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, nyufa za namna hii zilivunja reli vipande zaidi ya 300 na watu 4 wakafa. Nyufa zilikuwa zinajulikana. Reli mpya ilikuwa imelazwa kando ya njia kwa miezi.

Kamera ulizoahidi tutazipokea kwa shukrani, ila huona uso tu, na doa la grisi huweza kuzidanganya. Kifaa cha mikondo ya edi (mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma) husoma nyufa za juu pale mawimbi yanaposhindwa, mradi kichwa chake kikae kama milimita 1 kutoka kwenye chuma bila kuyumba. Hata rangi ya kupenya inasaidia: ondoa kutu na grisi, pakaza, subiri kama dakika 10, futa, puliza unga mweupe, mstari mwekundu ujitokeze. Huonyesha urefu wa ufa, kina hakionekani.

Ombi letu ni moja. Mwangwi wa kitako ukipotea, paandikwe "hapajakaguliwa", mwendo wa treni upunguzwe siku hiyohiyo, na mkaguzi aende kwa miguu na kifaa cha mkono. Nyufa za juu zisagwe. Zilizoshuka, reli ikatwe ibadilishwe. Agizo hilo ni la karatasi moja na sahihi yako.

Gari la ukaguzi linarudi kwenye kona zile mwezi ujao. Tafadhali, Mheshimiwa, agizo litoke kabla halijaondoka karakana.

Wako watiifu,
Wakaguzi wa njia ya reli