Barua ya malalamiko: kompyuta 61 mlizoziacha nje ya hesabu

5 Novemba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Huduma za TEHAMA.

YAH: TAARIFA ZA KILA MWEZI KUHUSU MIPANGILIO YA USALAMA KWENYE KOMPYUTA ZA HOSPITALI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu Januari mwaka huu kampuni yenu inalipwa kila mwezi kuhakikisha kompyuta zote 214 za hospitali yetu zinafuata mwongozo mmoja wa mipangilio: fayawoli (kinga inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa) iwe imewashwa, SMB1 (njia kongwe ya kushirikishana mafaili kwenye mtandao) iwe imezimwa, skrini ijifunge baada ya dakika 10, diski za kompyuta mpakato zisimbwe (zisisomeke bila ufunguo), na mtumishi wa kawaida asiwe na mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Taarifa yenu ya Septemba inasema kompyuta zinazofuata mwongozo ni asilimia 98.7. Taarifa hiyo niliisaini mimi na kuipeleka mbele ya Bodi. Nimegundua kwamba si ya kweli.

Asilimia hiyo mmeipata kwa kugawanya 151 kwa 153. Kompyuta 61 zilizobaki hazikutuma jibu lolote kwenye seva, nanyi mkaziondoa kabisa kwenye hesabu. Mkigawanya kwa 214, kama mkataba unavyotaka, mnapata asilimia 70.6.

Silaumu chombo mnachotumia. Microsoft Configuration Manager huipa kila kompyuta hali moja kati ya nne: inakidhi, haikidhi, ina hitilafu, au haijulikani. Hiyo ya nne imewekwa kwa makusudi, ili msimamizi aone ni mashine ipi imenyamaza na aende kuiangalia. Ninyi mliiona kila mwezi. Kwenye taarifa mliyotuletea safu hiyo haimo.

Nilipouliza kwenye kikao cha tarehe 9 Oktoba, mhandisi wenu alijibu kwamba kompyuta iliyozimwa haiwezi kuhesabiwa. Basi mimi na mwenzangu mmoja tukachukua orodha ya hizo 61 na kuzizungukia kwa miguu siku nne: usajili, maabara, famasi, wodi zote hadi bohari ya dawa. Tisa tulizikuta stoo, mbovu. Tatu, zote kompyuta mpakato, hatujui ziko wapi hadi leo, na hilo pekee lilistahili simu kutoka kwenu miezi mingi iliyopita. Zilizobaki 49 zinatumika kila siku. Ya famasi ya dharura haizimwi usiku wala mchana.

Naomba nikueleze moja tu, ya dirisha la pili la usajili. Nilifika saa moja na nusu asubuhi, foleni ikiwa imeshafika mlangoni. Karani alinipisha kiti. Akaunti aliyokuwa ameingilia ni ya pamoja, wanaitumia makarani wote watano, na ina mamlaka kamili ya msimamizi. Fayawoli ilikuwa imezimwa. Nikafungua orodha ya vipengele vya Windows, na kisanduku cha SMB1 kilikuwa na tiki. Programu yenu ya uangalizi, ile inayotuma majibu kwenye seva, haikuwemo kabisa kwenye mashine. Nilipomuuliza karani, akanionyesha kijitabu cha matengenezo: tarehe 11 Februari fundi wenu alikuja kupiga Windows upya kwa sababu mashine ilikuwa nzito. Hakurudisha programu ya uangalizi. Akawasha SMB1 ili mashine ya zamani ya kuskani iweze kutuma mafaili, kisha akanakili diski hiyohiyo kwenye kompyuta nyingine za usajili. Kosa la mashine moja likawa la idara nzima, na kwa miezi minane seva yenu ilikuwa inasubiri jibu ambalo lisingekuja.

Kati ya hizo 49, tumekuta 31 zina SMB1 na 18 zimezimwa fayawoli. Zinazokidhi mwongozo wote ni sita. Kompyuta 27 bado zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba, na hakuna barua yenu hata moja iliyotutahadharisha.

Mhandisi wenu aliniambia SMB1 kwenye mtandao wa ndani si jambo la kutisha. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fedha, ilipita kwenye udhaifu wa njia hiyohiyo kongwe ya kushirikishana mafaili. Sasisho la kuziba udhaifu huo Microsoft ilikuwa imelitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Huko Uingereza, hospitali ziliahirisha miadi na upasuaji, na baadhi zikawaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Ofisi ya ukaguzi ya nchi hiyo ilipochunguza ilikuta maonyo yalishatolewa mwezi Machi na Aprili, ila Wizara ya Afya haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua nani ameyatekeleza. Utaratibu wa namna hiyo ndio tulioununua kwenu.

Kompyuta ya usajili niliyoieleza ina majina, namba za simu, namba za bima na historia za wagonjwa wetu. Mama anayesimama pale dirishani kutaja kilichomleta, kwa sauti ya chini ili wa nyuma yake wasisikie, anatuamini sisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatubana sisi kama mkusanyaji wa taarifa na ninyi kama mchakataji wetu. Siwezi tena kusaini karatasi inayosema taarifa hizo zinalindwa.

Ninachodai ni hiki. Taarifa zote kuanzia Januari hadi Oktoba ziandikwe upya kwa kugawanya kwa kompyuta zote zilizosajiliwa, zikionyesha hali zote nne, na kwa kila mashine iliyo kimya itajwe tarehe iliyojibu mara ya mwisho. Programu ya uangalizi irudishwe kwenye kompyuta zote 49, na kuanzia sasa fundi asifunge kazi ya kupiga Windows kabla mashine haijaonekana kwenye seva. Mashine ya kuskani itafutiwe njia nyingine. Ikishindikana, msamaha huo uandikwe, uwe na tarehe ya kuisha, na usainiwe na mimi, asijiamulie fundi. Tunataka pia mrejeshe malipo ya huduma kwa kompyuta 61 kwa kila mwezi ambao kila moja ilikuwa kimya. Orodha tuliyoiandaa kwa mkono nimeiambatanisha, pamoja na picha za skrini na nakala ya kurasa za kijitabu cha matengenezo.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Ankara ya Oktoba haitalipwa kabla ya hapo. Mkituma mhandisi, apite kwanza dirisha la pili la usajili. Nitakuwa pale naye.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala:
Mkurugenzi wa Hospitali
Kitengo cha Ununuzi
Mwanasheria wa Hospitali