Yule tembo ana sura ya waziri

Shosti wangu,

Za siku? Hujambo, watoto, hiyo baridi? Mi mzima, magoti tu ndo yananisumbua. Najua umeninunia, miezi minne kimya halafu hela yako ninayo mimi, ila nusu nishampa mama yako mkononi, muulize, na iliyobaki mwisho wa mwezi bila kukosa.

Sasa ile picha uliyopiga huko makumbusho, eti "we mwalimu wa historia, hili dubwana nini". Nimecheka peke yangu jikoni mpaka wali ukaungua. Hiyo ni katuni ya siasa za Uingereza. Yule mwenye kilemba aliyekaa juu ya tembo ni Charles James Fox, mwanasiasa wao. Tembo je? Hebu vuta picha umwangalie usoni, yale mashavu yaliyojaa, ile sura ya usingizi, huyo ni Lord North, waziri mkuu wao wa zamani! Anayepuliza tarumbeta mbele ni Edmund Burke, mbunge mwenzao. Alichora James Sayers, Desemba 1783.

Na hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. North kakaa waziri mkuu miaka 12, vita vya Marekani vikamfia mikononi, na Fox bungeni kazi yake ilikuwa kumchana tu. Machi 1782 Fox akatamka mbele ya watu kwamba siku akipatana na hata mmoja wa mawaziri wale, aitwe mtu mwovu kuliko wote duniani. Haya. Mwaka haujaisha, Februari 1783, wameungana kumwangusha Shelburne, waziri mkuu wa wakati huo, kisa masharti yake ya amani na Marekani, Aprili 2 hao wakaingia madarakani, Fox mambo ya nje, North mambo ya ndani, na waziri mkuu wakamweka Duke wa Portland, mkubwa wa jina tu, si unamkumbuka mwenyekiti wetu wa kikoba enzi zile? Na huo mkataba walioupigia kelele Septemba wakausaini wao wenyewe, karibu vilevile. Hapo ndo huwa nachoka.

Ila watu wakisema waliponzwa na unafiki wao mi nakataa. Walikuwa wanafiki sawa, lakini kilichowaua ni kikaratasi. Nakuja huko.

Mfalme George wa Tatu hakuwataka tangu siku ya kwanza, alihangaika wiki kadhaa kutafuta mwingine yeyote, mpaka akaandika rasimu ya kuachia ufalme, ndo kwa shingo upande akawakubali. Basi Fox akaleta muswada wa kuinyang'anya Kampuni ya India Mashariki, ile ya Waingereza iliyokuwa inatawala India, madaraka iwekwe chini ya makamishna saba, wote watu wa upande wao. Ndo maana kwenye picha kavaa kama sultani, anaingia mtaa wa Leadenhall, London, kwenye ofisi za Kampuni, yani anaenda kujitawaza. Bunge la chini ukapita kura 208 kwa 102. Mfalme akampa Lord Temple kikaratasi akawaonyeshe malodi, wale wa bunge la juu, kwamba atakayeunga mkono huo muswada si tu kwamba si rafiki yake, atamhesabu adui. Karatasi tu shosti! Desemba 17 malodi wakautupa, 95 kwa 76, na kesho yake usiku wa manane Fox na North wakaambiwa warudishe mihuri ya uwaziri, yani wamefukuzwa, tena waitume na wasaidizi maana mfalme hataki kuonana nao. Miezi nane na ushee, kwisha. Uwaziri mkuu akapewa William Pitt, kijana wa miaka 24.

Simwonei huruma Fox, mcheza kamari yule, lakini we serikali ina wingi bungeni inaondoka kwa kikaratasi cha mfukoni, si bora angewaambia usoni... basi niache, nitaanza kufundisha.

Huku kikoba kimeshafanya mambo, Mama Shani na Bi Tatu ni wenyeviti wenza. Ndiyo, hao hao. Na mweka hazina ni mimi, naomba dua zako.

Niambie, Desemba unakuja au ndo hadithi za mwaka jana? Yule kaka wa Tanga mnaongea bado? Zubeda kakwambia lolote kuhusu kiwanja? Na hiyo picha ina rangi au nyeusi tu? Ukipita tena huko nipigie uso wa tembo kwa karibu, nataka niuchapishe niubandike darasani.

Wako,
Mwalimu mwenye deni