Maji ya meli yapimwe kabla ya kumwagwa

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu viumbe vamizi wanaoletwa na meli bandarini kwetu. Meli isiyo na shehena hujaza maji ya bahari kwenye matangi yake ili isiyumbe, kisha huyamwaga inapokuja kupakia, pamoja na mayai na viluwiluwi vya bahari za mbali. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ulianza kutumika mwaka 2017.

Wapo watakaosema Dodoma hakuna bahari. Lakini kunguru walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 leo tunao hata huku bara, na kuwamaliza kumeshindikana. Kiumbe wa majini akishazaliana ni mgumu zaidi, maana hata kumwona huwezi.

Naomba TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa meli nchini, ichukue sampuli za maji hayo Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na majibu yawasilishwe bungeni kila mwaka.

Msomaji wenu,
Kizota, Dodoma