Bora munitukane, hii huruma yenu ndo inayouma

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo nami niseme, mana wasemaji wamekuwa wengi na wote wanalia na lilelile, siasa zetu zina matusi. Yapo, sikatai. Lakini miye naona matusi yana nafuu, mtu akikutukana angalau kakuhisabu, kakuona mtu wa kushindana nae. Kinachotumaliza Zanzibar sasa hivi ni kuoneana huruma. Yani mwenzako wa chama chengine hakutukani tena, anakutizama tu anatikisa kichwa, masikini, hajui alitendalo, basi keshakumaliza, hata ukimjibu vipi yeye anazidi kuhakikisha kuwa kweli hujui.

Miye nashona nguo hapa Unguja mjini na cherehani langu halina chama. Msimu wa kampeni napokea kitambaa cha kijani na njano cha CCM, napokea na zambarau ya wapinzani wa ACT-Wazalendo, bei moja (ila zambarau ya rahisi inachuja rangi, nimeshawaambia, hawasikii). Sasa mtu ukimpima anazungumza, hana la kufanya kasimama tu mikono juu. Kaja mama mmoja mtu mzima katoka mkutanoni, kofia yake ya kijani bado ipo kichwani, nampima kifua macho yake yapo kwenye zambarau mezani, akaniambia fundi, hawa vijana nawaonea huruma wallahi, wanadanganywa na watu wenye majumba yao Maskati, wao wakae juani wapigwe mabomu ya machozi. Nikanyamaza, nina pini mdomoni. Haikufika jioni kaja mwenye zambarau yake, kijana kasoma mashaallah, anazungumza kwa adabu, akaliona gauni la yule mama limetundikwa akacheka kidogo, akasema bi fundi, mtu anauza kura yake kwa kofia na sahani ya pilau utamlaumu vipi, njaa hiyo. Huyu mama mwenyewe hajapata kumuona! Kaona gauni tu keshaijua na njaa yake.

Sasa miye wote wawili nawajua, na wote wawili hakuna aliepatia. Wazee wa yule mama walikuwa wakikaa shamba la mtu, wanalima muhogo chini ya mikarafuu isiyo yao, na zama zile za siasa kabla ya Mapinduzi watu kama hao walikuwa wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya chama walichokiunga mkono. Baada ya 1964 wakapewa eka tatu, na eka tatu hizo mpaka leo ndugu wanakula. Mtu mwenye habari kama hiyo ukisema kanunuliwa kwa kofia ujue humjui na hutaki kumjua. Unaweza kumbishia, ukamwambia bi mkubwa eka tatu ni za zamani, leo wajukuu zako wana nini, hayo ni maneno ya mtu na mtu. Lakini pilau? Na yule kijana kwao Wete, Pemba. Watu waliomlea wanaikumbuka Januari 2001 waandamanaji walipopigwa risasi, wengine wakavuka bahari usiku kwenda Shimoni kule Kenya, Wazanzibari tukawa wakimbizi jamani, sie tuliozoea kupokea wageni. Kijana kama huyo haimbidi mtu atoke Maskati aje kumdanganya, analo lake la kutosha nyumbani.

Alafu hili la sultani sijui litakwisha lini. Kijana kazaliwa 1999, akisema tu hataki serikali iliopo basi Hizbu huyo, yani wa kile chama cha ZNP cha kabla ya Mapinduzi, anataka sultani arudi. Jamshid, sultani wetu wa mwisho, kaondoka hapa 1964, kaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, 2020 ndo kahamia Oman na Disemba 2024 kafariki hukohuko. Sasa arudi nani? Lakini neno bado linafanya kazi, mana likishasemwa huna haja tena ya kumsikiliza yule kijana anapolalamikia bei ya mchele na ajira. Na upande wa pili nao wana lao, kila alievaa kijani ama ana njaa ama anatafuta cheo, hakuna hata mmoja ambae labda kakaa akafikiri akaona hivo.

Na ati Mpemba anazaliwa na upinzani tumboni. Waulizeni wazee wanaojua. Uchaguzi wa Januari 1961 ASP, wazazi wa CCM ya leo, walipata viti 10, Hizbu 9, chama kidogo cha ZPPP 3, na katika hivo 10 vya ASP kimoja walikipata Chake Chake, kwa kura moja. Kura moja tu, na Pemba hiyohiyo munayosema ni ya chama kimoja! Mshindi hakupatikana, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, na safari hiyo fujo zikaua watu 68. Watu hawakuamka siku moja wakachukua mapanga, kabla ya hapo walishasusiana maduka, walishatengana, kila mmoja keshamuona mwenzake si mtu wa kuzungumza nae. Tukaja kuyarudia tena Pemba baada ya uchaguzi wa 1995, jirani hamsalimii jirani, haendi mazikoni kwake, dukani kwake hanunui hata kibiriti. Na 1995 yenyewe matokeo ya urais wa Zanzibar yaliyotangazwa ni CCM asilimia 50.2, wapinzani wa CUF 49.8. Haya fanya hisabu, ikiwa nusu ya nchi imedanganywa na nusu imenunuliwa, wenye akili zao waliobaki ni nani, watalii?

Walionichosha zaidi lakini ni wasomi wetu. Wao hawasemi pilau wala sultani, wao wanasema wananchi wanahitaji elimu ya uraia. Kila semina elimu ya uraia. Mimi sijapata kumsikia alieshinda akasema wananchi wanahitaji elimu, akishinda yeye basi wananchi wamekomaa, wamefanya maamuzi ya busara. Ile kura ya maoni ya Julai 2010, asilimia 66 tulisema ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa, wa kijani na wa upinzani pamoja, siku ile sikusikia mtu akisema hatuna elimu. Ilhali ni sisi walewale, na akili zetu zilezile. Na kabla yake Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa upinzani walikaa Ikulu wakazungumza, na hao wawili walikuwa na sababu za kutosha za kudharauliana kuliko miye na wewe.

Miye sisemi watu wapendane, kila mtu ana moyo wake, na wapo wanaonunuliwa kweli na wapo wanaodanganywa kweli, pande zote, nawashonea na hao. Ninachosema, kabla hujamuonea mtu huruma muulize kwanini, alafu nyamaza amalize. Yule kijana nilimwambia mwenye gauni hili atakuja Ijumaa baada ya sala, njoo umuulize mwenyewe hiyo njaa yake. Akasema Ijumaa ana kazi.

Na nyie wa magazeti na redio na nyie mumo, munapompelekea mtu maikrofoni barazani munamuuliza unamchagua nani, akishataja jina munahamia kwa mwengine, sababu zake hamuna dakika nazo. Muulizeni na sababu. Mhariri, najua barua ndefu, ukitaka kuikata kata popote, ila pale nilipowasema watu wa chama changu paache, nataka wapasome.

Fundi cherehani,
Unguja mjini