Barua za askari zisitenganishwe na bahasha zake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu barua ambazo askari wa Kaskazini aliwaandikia wazazi wake katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) ilinukuu barua kwa marefu na mapana, ila bahasha haikutajwa hata mara moja. Bila bahasha, nusu ya ushahidi imepotea.

Chukua suala la tarehe. Mihuri mingi ya posta ya wakati ule ilionyesha mji, mwezi na siku, mwaka haumo. Hapo stempu ndiyo inayosaidia. Agosti 1861 serikali ya Washington ilianza kutoa stempu mpya na kuzifuta za zamani, ili posta za Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, zisinufaike na akiba iliyobaki huko. Stempu ya senti 3 ina sura ya George Washington katika matoleo yote mawili, lakini ile mpya ina tarakimu 3 kwenye pembe za juu. Ya zamani haina tarakimu. Askari akitaja siku ya juma, fungua kalenda: tarehe 4 Julai ilikuwa Ijumaa mwaka 1862, Jumamosi 1863, Jumatatu 1864. Barua za Januari zitazamwe mara mbili, maana mkono huandika mwaka uliopita kwa mazoea.

Mwandishi wenu alidhani bahasha isiyo na stempu imebanduliwa stempu yake. Si lazima. Sheria ya Julai 1861 iliwaruhusu askari kutuma barua bila kulipia; ofisa aliandika juu ya bahasha kwamba ni barua ya askari, akatia sahihi, cheo na rejimenti, na aliyepokea ndiye aliyelipa senti 3 kwa kila nusu wakia. Kwa hiyo barua iliyoishia na “mwanao” tu, kikosi chake huenda kiko kwenye bahasha.

Kusini mambo yalikuwa mengine. Karatasi ilikuwa adimu hadi watu wakageuza bahasha ndani-nje na kuzitumia tena, au wakazikata kwenye karatasi za kupambia kuta. Nauli ilikuwa senti 5 chini ya maili 500 na senti 10 kuzidi hapo. Kuanzia 1 Julai 1862 ikawa 10 kote. Stempu moja ya senti 5 peke yake kwenye barua inayodaiwa kusafiri kati ya miji mwaka 1863 itiliwe shaka.

Manung’uniko ya mshahara nayo yasisomwe kama unyonge tu. Askari wa kawaida wa Kaskazini alipata dola 13 kwa mwezi. Askari Mweusi aliandikiwa 10, akakatwa 3 za mavazi, hadi Bunge liliposawazisha mwaka 1864. Anayelalamikia dola 7 anapiga hesabu.

Kuhusu utunzaji wa barua, ushauri wenu wa kuzipaka plastiki kwa mashine ni hatari: plastiki hiyo haibanduki, na joto huharibu karatasi. Gundi ya selotepu nayo hupenya na kuacha doa la njano. Wino wa chuma, uliotumika sana enzi zile, huwa kahawia na asidi yake hutoboa karatasi, hasa kwenye mikunjo, basi usikunje na kukunjua. Piga picha pande zote, bahasha na barua yake zikiwa na namba ileile. Penseli haififii kwa mwanga, ila hufutika: jalada la karatasi isiyo na asidi linaifaa kuliko plastiki, ambayo umeme wake tuli hunyanyua unga wa penseli. Unaponakili, acha makosa ya tahajia yalivyo, kwani humo ndimo matamshi ya askari yamo.

Familia ambayo barua zake “zimepotea” iulizie Hifadhi ya Taifa ya Marekani, Washington. Wajane na mama wengi walioomba pensheni chini ya sheria ya Julai 1862, dola 8 kwa mwezi kwa mjane au mama wa askari wa kawaida, waliambatanisha barua zenyewe kuthibitisha ndoa au msaada waliokuwa wakipata. Nyingi hazikurudishwa, bado zimo katika majalada ya madai.

Msomaji wenu