Dada, nitumie karatasi za kiwanja cha Pongwe

Leicester, Ijumaa usiku

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, alhamdulillah, na natumai wewe, Shemeji, watoto na Mama hamjambo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku. Umeuliza kwa nini mwezi uliopita nimetuma nusu, na kwa nini siku hizi nikipiga simu nina haraka ya kukata. Nimeona nikuandikie. Kwa simu nitalia, na Mama yuko karibu nawe.

Dada, nadaiwa. Pauni 14,300. Ni kadi mbili za mkopo, ovadrafti ya benki (pesa unayotoa kupita uliyo nayo kwenye akaunti), na mkopo mmoja niliouchukua mwaka ule Mama alipopasuliwa. Niliwaambia nina akiba. Sikuwa nayo. Likaja suala la paa la nyumba, nikatumia kadi. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi ikapunguza zamu, nikaanza kulipa kadi hii kwa kadi ile, na riba inapanda tu. Huko mnawajua kausha damu wanaobeba televisheni ya mtu mchana kweupe. Wangu mimi walileta barua, bahasha zenye kidirisha, na mimi nazitia kwenye droo ya vijiko bila kuzifungua. Ilifika siku droo haifungiki.

Usiku mmoja nikaona tangazo kwenye simu kwamba sehemu kubwa ya madeni inaweza kufutwa kisheria. Nikajaza jina na namba. Hazikupita dakika kumi, akanipigia mwanamke mwenye sauti ya huruma. Akanieleza habari ya IVA, mapatano ya kisheria kati ya mdaiwa na wadai wake: unalipa kiasi fulani kila mwezi, kwa kawaida miaka 5 au 6, kinachobaki kinafutwa. Akasema kwangu itakuwa pauni 130 kwa mwezi. Nikamwambia sibakiwi na 130. Akasema tupunguze kwenye chakula, itatosha, na nisaini usiku uleule kwa simu.

Nilikaribia kusaini, Dada. Kidole kilikuwa kwenye skrini. Kilichonizuia ni uchovu tu, nikasema nitasaini asubuhi.

Kazini tuna mama mmoja wa Bukavu, tunageuza wazee pamoja. Nilipomwambia alinishika mkono akasema kabla ya kusaini niende kwa wale wa bure, maana yeye mwenyewe alikwishapita njia hiyo. Akanitajia StepChange, National Debtline na Citizens Advice. Nilidhani cha bure lazima kiwe hafifu. Sivyo. Hao ni mashirika ya hisani, na mshauri haongezewi hata senti ukichagua njia hii au ile. Kulikuwa na kampuni za kutafuta wateja zilizokuwa zikilipwa kwa kila mtu zinayempeleka kwenye IVA, mpaka mamlaka ya fedha ya hapa ikapiga marufuku mwezi Oktoba 2023.

Nikaenda Citizens Advice na bahasha zote kwenye mfuko wa sokoni. Mshauri alikuwa kijana, umri wa mwanao wa kwanza. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua mkasi, akafungua moja moja, akazipanga mezani mafungu mawili: kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri na umeme huku, kadi na mikopo kule. Akasema fungu la kwanza linaweza kunitoa nyumbani, kwa hiyo ndilo la kulipwa kwanza, ingawa la pili ndilo lenye maneno makali. Miaka miwili nimekuwa nikifanya kinyume.

Siku hiyohiyo akaniombea kile wanachokiita Breathing Space, yaani muda wa kuvuta pumzi. Ni sheria iliyoanza 2021: kwa siku 60 wadai wengi hawaruhusiwi kukufuata wala kuongeza riba kwenye madeni yaliyoandikishwa. Usiku ule nililala mpaka jua likatoka.

IVA yenyewe si utapeli. Mwenye nyumba na mshahara mzuri inaweza kumwokolea nyumba yake. Lakini kila mwezi ada ya msimamizi inatoka humohumo kwenye marejesho, na ukishindwa katikati wadai wanaweza kurudi kukudai. Pauni 130 kwa miaka 5 ni 7,800, pesa ambayo ningeitoa tumboni. Yule wa kwenye simu alijua ninabakiwa na nini.

Kwa hesabu ya kweli ninabakiwa na pauni 60. Nikilipa hizo kwa mpango wa kawaida, bila riba, nitamaliza baada ya miaka karibu 20. Njia nyingine ni DRO, amri ya kuondolewa madeni. Ni kwa mtu asiyebakiwa na zaidi ya pauni 75 kwa mwezi, deni lisizidi 50,000, na mali isizidi 2,000. Zamani waliitoza pauni 90, tangu Aprili 2024 ni bure. Unakaa miezi 12, hali yako isipobadilika madeni yaliyomo yanafutwa. Jina langu litawekwa kwenye daftari la serikali ambalo yeyote anaweza kulisoma, na kwa miaka 6 kukopa kutakuwa kugumu. Hilo la kukopa wala halinisumbui.

Linalonisumbua unalijua. Siku ya kumzika Baba, Kaka alisimama akauliza watu kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze. Mzee wa duka akasema elfu nne za mchele, na tukalipa kabla jeneza halijanyanyuliwa. Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo. Kuna rafiki yangu wa Mombasa hapa aliyenikopesha pauni 400 za mkononi, na sheria inataka naye aandikwe pamoja na benki. Nilikwenda kwake kumwambia mwenyewe. Mshauri amesema baada ya amri kwisha hakuna anayenizuia kumlipa kwa hiari yangu, na nitamlipa.

Sasa kiwanja. Kijana aliniuliza kama nina mali yoyote, hapa au nchi nyingine. Nikataja Pongwe. Sehemu yangu ya mirathi inahesabika, hata kama hatujagawana. Ikizidi pauni 2,000, zaidi ya milioni 6 za huko, DRO haitawezekana na tutarudi kwenye ule mpango mrefu. Kaka atasema tuandike sehemu yangu kwa jina la Mama. Tafadhali asifanye hivyo. Wanaangalia pia ulichogawa miaka 2 nyuma, na mimi nimekwisha kusema kweli, sitaki kuanza kuficha. Wala msiuze.

Nipigie picha karatasi za kiwanja na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, zisomeke vizuri. Pia umwombe mtu anayejua bei za huko aandike kiwanja kinauzika kwa kiasi gani. Zinifike kabla ya tarehe 18, siku zangu 60 hazijaisha.

Kwenye fomu ya matumizi hapakuwa na mstari wa pesa za nyumbani. Kijana aliuandika kwa mkono pembeni: msaada kwa mama, pauni 40. Akaniambia huenda wakauliza, nami nitawajibu. Kwa hiyo nitatuma hizo, za dawa. Ada ya mtoto nimewaachia wewe na Shemeji, na inaniuma kuandika hivyo.

Kaka mwonyeshe barua hii. Mama mwambie nimepunguziwa zamu, ni kweli. Ila lile la kwamba mkopo ulianza na operesheni yake, libaki kwetu watatu. Nitapiga Jumapili baada ya Alasiri.

Mdogo wako